Kamera ya Kwanza kwa Picha za Usiku wa Taarab: Niliyoyapitia Kabla na Baada ya Kununua

Kumbi nyingi zinamopigwa taarab mjini Unguja hazikuwekewa taa kwa kumfikiria mpiga picha. Mazoezi huanza baada ya sala ya Isha katika chumba cha ghorofani chenye taa mbili tatu za mirija, na mara nyingi moja kati yao imekwisha kuanza kupepesa. Sherehe za harusi za wanawake hufanyika chini ya taa ndogo za rangi zinazozunguka, kwa sababu waalikwa wanataka kucheza bila kumulikwa. Hata jukwaa la Ngome Kongwe, ambako tamasha la Sauti za Busara limekuwa likifanyika mwezi wa Februari tangu 2004, humwonyesha mwimbaji akiwa mwekundu katika ubeti mmoja na wa buluu katika ubeti unaofuata. Anayenunua DSLR yake ya kwanza, yaani kamera ya lenzi za kubadilisha yenye kioo cha ndani, kwa kazi ya namna hii hulazimika kuchagua kwa vigezo visivyofanana na vya mtu anayepiga picha ufukweni mchana, na vigezo hivyo havichapwi kwenye boksi la kamera.

Mimi niliingia katika kazi hii kwa sababu ni mwanamke. Mwaka 2018 binamu yangu mmoja, ambaye anaishi kwa kupiga picha za harusi huku Ng'ambo, mitaa ya mjini Unguja iliyo nje ya Mji Mkongwe, alikuwa akipoteza kazi za usiku wa wanawake kwa kuwa mwanamume hakaribishwi humo ndani. Akaniazima Canon 1300D yake pamoja na lenzi iliyokuja nayo, ile ya milimita 18 hadi 55, na flashi ya kuchomeka juu, tukakubaliana kugawana malipo. Flashi ilinipa picha zinazoonekana, lakini bibi harusi alitoka na uso mweupe kupita poda aliyopakwa, ukuta wa nyuma ukawa giza tupu, na zile taa za rangi ambazo wenye shughuli walizilipia hazikuonekana kabisa. Zaidi ya hayo, kila flashi ilipowaka wanawake waligeuka kutazama ni nani amepigwa, na wengine walijifunika mtandio. Bi mkubwa mmoja aliniita pembeni akaniambia kwa upole, "Mwanangu, tumekuja kufurahi, si kupigwa radi."

Wakati huohuo nilikuwa nikijifunza fidla katika kikundi kidogo, na nilidhani huko ningeitumia flashi bila ya matatizo kwa vile hakuna anayecheza. Maalim wetu hupiga kanuni, chombo chenye nyuzi zaidi ya sabini ambazo mpigaji huzifuata kwa macho na vidole pamoja. Nilipommulika mara ya kwanza alisimamisha wimbo mzima, akasugua macho, akasema haoni nyuzi. Tangu usiku huo flashi ilibaki mkobani, nikaanza kushindana na giza lenyewe.

Bila ya flashi, kamera ile ilinionyesha mipaka yake haraka. Katika chumba cha mazoezi, nikiivuta lenzi hadi milimita 55 ili nipate uso wa mwimbaji, tundu lake la kuingizia mwanga halikuweza kufunguka zaidi ya f/5.6. Ili picha isitoke nyeusi nilipaswa kuipandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 6400 na kuishusha kasi ya shata, pazia linalofunguka kuingiza mwanga, hadi 1/60 ya sekunde. Kwa ISO hiyo picha zilijaa chenga, hasa katika vivuli vya nguo nyeusi, na kwa kasi hiyo mkono wa mpiga fidla ulifutika kila alipovuta upinde. Kilichonisumbua zaidi ni fokasi: lenzi ilikwenda mbele na kurudi nyuma, ikinguruma, ikitafuta pa kushika, na iliposhika ubeti ulikuwa umekwisha.

Hapo ndipo watu wengi huanza kuwaza kamera yenye megapikseli nyingi zaidi, na mimi niliwaza hivyo kwa muda. Hesabu ilinitoa katika mawazo hayo. Namba ya f ni uwiano kati ya urefu wa fokasi wa lenzi, zile milimita zake, na upana wa tundu lake, kwa hiyo namba ikiwa ndogo tundu ni pana, na kiasi cha mwanga hupanda kwa mraba wa uwiano wa namba hizo. Kutoka f/5.6 hadi f/1.8 mwanga unaoingia huongezeka karibu mara kumi. Katika chumba kilekile, ambacho lenzi ya binamu ilinilazimisha kutumia ISO 6400 na shata ya 1/60, lenzi ya f/1.8 huniruhusu kutumia ISO 1600 na shata ya 1/160 kwa wakati mmoja. Hakuna bodi ya kamera, yaani kamera yenyewe bila lenzi, kwa bei ya kawaida inayoweza kukupa nafuu ya mara kumi ukilinganisha na bodi nyingine ya rika lake. Nilipolielewa jambo hili niliugeuza mpango wangu wa fedha juu chini: lenzi kwanza, bodi kwa kitakachobaki.

Kabla ya kununua chochote nilikodi, na katika fedha zote nilizotumia hizo ndizo zilizonipa faida kubwa. Fundi picha mmoja wa mjini alikuwa na lenzi ya Canon ya milimita 50 yenye f/1.8, ile ndogo ya bei ya chini kabisa, akanikodisha kwa shilingi 15,000 kwa usiku. Nilipoifunga kwenye 1300D nilishangaa: ilikuwa kamera ileile, chumba kilekile, taa zilezile, na sasa nyuso zilikuwa safi na vidole vimetulia. Lakini usiku huo pia ulinionyesha jambo ambalo nisingelijua kwa kusoma maelezo ya kamera. Sensa ya Canon za daraja hilo, yaani kile kibao cha ndani kinachopokea mwanga, ni ndogo kuliko fremu ya filamu ya zamani, kwa hiyo milimita 50 huona eneo dogo, sawa na milimita 80 kwenye kamera ya fremu kamili, yenye sensa ya ukubwa wa filamu hiyo. Chumba chetu ni chembamba. Nilirudi nyuma hadi mgongo ukagusa mlango, na bado sikuweza kumweka Maalim na kanuni yake yote katika picha moja. Kwa uso wa mwimbaji ilikuwa lenzi nzuri mno, ila kwa chumba kile nilihitaji milimita 35 au pungufu, yenye tundu pana vilevile.

Hitaji hilo ndilo lililonichagulia kampuni. Nilikuwa nimekwisha kuizoea Canon, na ningependa kubaki nayo ili niazimane vifaa na binamu, lakini upande huo lenzi ya bei nafuu yenye upana wa kutosha kwa sensa ndogo ilikuwa ya milimita 24 yenye f/2.8, ambayo huingiza chini ya nusu ya mwanga unaoingia kwa f/1.8. Upande wa Nikon kulikuwa na lenzi ya milimita 35 yenye f/1.8, iliyotoka mwaka 2009 mahususi kwa sensa ndogo, nyepesi na isiyo ghali. Wapo wanaobishana usiku kucha kuhusu Canon na Nikon. Kwa mahitaji yangu ubishi uliisha kwa lenzi moja.

Fedha zilitoka kwenye upatu. Zamu yangu ilipofika nilipokea milioni moja na laki mbili, nikavuka kwa boti kwenda Dar es Salaam nikiwa nimezifunga kwenye kitambaa kiunoni chini ya baibui, na muda wote wa safari sikuthubutu kusinzia. Nasema hivyo kwa sababu hofu ya kubeba fedha nyingi humfanya mtu atake kuzitua haraka, na muuzaji mzoefu huiona hofu hiyo usoni. Duka la kwanza niliingia Kariakoo. Kijana wa dukani alikuwa mchangamfu, akaniita dada kila baada ya sentensi, akaniwekea mezani boksi jipya la Nikon D3400 lenye lenzi mbili, mkoba, stendi ya miguu mitatu na kadi, vyote kwa fedha zilezile nilizokuwa nazo. Ukilitazama kwa haraka, furushi la namna hiyo ni neema. Lakini lenzi zote mbili zilikuwa za kuvuta zenye tundu jembamba, moja ya 18 hadi 55 na nyingine ya 70 hadi 300, na zote zikivutwa hadi mwisho hufika f/5.6 au zaidi. Ningerudi Unguja na tatizo lilelile likiwa ndani ya boksi jipya. Stendi nayo husaidia pale kamera inapotikisika, si pale mtu anayepigwa picha anapocheza. Ndivyo ilivyo pia kwa ule utulivu wa picha unaotangazwa kwa herufi VR au IS: unauzuia mtikisiko wa mkono wako, na hauwezi kuuzuia mkono wa mpiga ngoma ya dumbak.

Nilimwomba aniruhusu kuijaribu kamera kwenye ngazi za nyuma, kwa sababu duka lenyewe lilikuwa na taa kali kiasi ambacho hata simu ingetoa picha nzuri. Alicheka, lakini alikubali. Hili ningelifanya sharti kwa kila mnunuzi wa kamera ya usiku: ombeni kona yenye giza, stoo, au chini ya meza ikibidi, muweke ISO 3200, mpige kitu cheusi chenye nyuzi au maandishi, kisha mkuze picha kwenye kioo na kutazama vivuli. Tazameni pia ni muda gani fokasi inachukua kushika. Watengenezaji hutaja uwezo huu kwa kipimo cha mwanga kiitwacho EV, na namba ikiwa chini zaidi kamera huona gizani vizuri zaidi. 1300D niliyokuwa nikiazima ilikuwa na mpaka wa 0 EV. D3400 na D7000 hufika −1. Canon 6D kwa nukta yake ya fokasi ya katikati na Nikon D750 hufika −3. Namba hii hufichwa mwisho kabisa wa jedwali la maelezo, ilhali kwa anayepiga gizani ina uzito kuliko megapikseli zote.

D3400 haikuwa kamera mbaya. Sensa yake ya megapikseli 24 ilikuwa mpya kuliko ya D7000 ya mwaka 2010 yenye megapikseli 16, na kwa chenga peke yake zilikaribiana, pengine D3400 ikitangulia kidogo. Nilichagua D7000 ya mtumba kwa sababu nyingine. Ina magurudumu mawili, moja la kidole gumba na moja la kidole cha shahada, kwa hiyo shata na tundu hubadilishwa bila kuingia kwenye menyu wala kuuangaza uso wangu kwa mwanga wa kioo mbele ya watu. Ina nafasi mbili za kadi, na harusi hairudiwi. Ina nukta 39 za fokasi, tisa kati yake zikiwa za msalaba, yaani zinazosoma mistari ya wima na ya ulalo pamoja, ambazo hushika vizuri zaidi gizani. Tena ina mota ya fokasi ndani ya bodi.

Hilo la mwisho lielezwe kwa kirefu, kwa maana limewagharimu wengi ninaowafahamu. Lenzi nyingi za zamani za Nikon, zikiwemo zile za milimita 50 zenye alama ya D, hazina mota ndani yake. Hutegemea mota ya bodi. Kamera za daraja la chini za Nikon, yaani familia za D3000 na D5000 na ndugu zao wote, hazina mota hiyo. Ukifunga lenzi ya namna hiyo kwenye D3400 itapiga picha, lakini fokasi utaizungusha kwa mkono, jambo ambalo kwa f/1.8 gizani ni adhabu. Mwenzangu mmoja alinunua milimita 50 ya D kwa bei ya kutupa, akafurahi njia nzima, akaja kugundua nyumbani kwamba haijifokasi, na aliyemuuzia hakutaka kurudisha fedha. Kwa bodi zisizo na mota, tafuteni lenzi zilizoandikwa AF-S au AF-P, ambazo zina mota yake ndani, na kwa zile za AF-P hakikisheni kwanza kuwa bodi yenu inazikubali, kwani baadhi ya bodi za zamani hazizikubali. Ile 35 yangu ni AF-S, kwa hiyo ingefanya kazi kokote, ila nilijua siku za mbele ningetaka kuokota lenzi za zamani za bei rahisi.

Bodi niliipata kwa mtu binafsi aliyekuwa akiuza vifaa vyake, kwa shilingi 620,000, na lenzi kwa 330,000. Nilichukua takriban saa nzima kuikagua mbele yake, na namshukuru kwa subira yake. Jambo la kwanza lilikuwa idadi ya mara ambazo shata imefunguka. Nikon huiandika namba hiyo ndani ya faili la picha, hivyo nilipiga picha moja, nikaihamishia kwenye kompyuta ndogo niliyoazima, nikaisoma kwa programu ya bure. Ilikuwa imepita kidogo 38,000, na shata ya D7000 ilipimwa na watengenezaji kwa 150,000. Canon nyingi haziandiki namba hiyo kwenye picha, kwa hiyo muuzaji wa Canon akikupa takwimu ya mdomo, ichukue kama maneno ya mdomo. Kisha nikaifunika lenzi kwa kifuniko chake, nikaacha shata wazi kwa sekunde thelathini: picha nyeusi inayotoka huonyesha pikseli zilizoungua, ambazo huonekana kama nyota za nyekundu au kijani zisizohama. Moja au mbili si neno. Zikiwa nyingi, tafuta kamera nyingine.

Lenzi niliikagua kwa tochi. Huku pwani adui wa lenzi ni kuvu. Unyevu ukiingia na lenzi ikakaa kabatini gizani, nyuzi nyembamba mithili ya utando huota juu ya vioo vya ndani, na dhidi ya taa za jukwaani hugeuka ukungu unaomeza picha nzima. Fungua tundu lote, mulika tochi kutoka nyuma, tazama kwa pembe kutoka mbele. Vumbi kidogo halina madhara. Nyuzinyuzi ni sababu ya kuondoka. Mwisho nililaza gazeti mezani, nikapiga kwa mshazari kwa f/1.8 nikilenga mstari mmoja, kisha nikaangalia kama mstari niliolenga ndio uliotoka wazi. Ulitoka wazi wa chini yake, tofauti ndogo sana. D7000 ina menyu ya kurekebisha kasoro ya aina hiyo kwa kila lenzi, D3400 haina, na nilirekebisha palepale tukiwa bado tunazungumzia bei.

Usiku wa kwanza nikiwa na kamera yangu mwenyewe nilidhani kazi imekwisha. Kumbe tundu pana lina bei yake. Mtu akiwa umbali wa mita mbili, kwa lenzi ya 35 na f/1.8, kina kinachotoka wazi ni kama shubiri moja; akiwa umbali wa mita moja, hupungua hadi upana wa vidole vitatu vinne. Nilimpiga Maalim kwa ukaribu ikawa vidole vyake juu ya nyuzi ni wazi kabisa na uso wake umeyeyuka. Picha hiyo aliipenda, akasema ndivyo anavyojiona mwenyewe anapopiga, lakini kwa kitabu cha picha za kikundi haikufaa. Siku hizi kwa mtu mmoja natumia f/2, kwa wawili waliokaa sambamba f/2.8, na kwa safu ya waitikiaji napanda hadi f/4 na kuzikubali chenga. Chenga hupunguzika kwenye kompyuta. Uso ulioyeyuka hauna dawa.

Kasi ya shata ilinichukua muda zaidi kuizoea, na taarab yenyewe ndiyo iliyonifundisha. Katika taarab mtu akiguswa na ubeti huinuka na noti mkononi, huja akicheza taratibu hadi mbele, humtunza mwimbaji na kurudi. Ukiona kwa macho, mwendo huo ni wa pole. Kwa shata ya 1/60, mkono wenye noti hutoka umefutika. Niliona kwamba 1/125 huutuliza mara nyingi na 1/160 huutuliza karibu daima. Kwa hiyo niliiachia kamera ichague ISO yenyewe, nikaiwekea ukomo wa 3200 na kasi ya chini ya 1/125, kisha nikabaki na kazi ya kuangalia watu. Wanaotunza humpa mpiga picha mgongo, kwani wanakuja kwa mwimbaji, si kwangu, hivyo nafasi nzuri ni ubavuni mwa jukwaa, nyuma kidogo ya mpiga akodiani, ambako unaona noti, uso wa anayetoa na uso wa anayepokea kwa pamoja. Lenzi pana ndiyo inayokubali kukaa hapo. Ya 50 ingenirudisha mlangoni.

Taa za kisasa za LED zilinisumbua kwa namna mbili. Kwanza, nyekundu na buluu kali hujaza upande mmoja wa rangi hadi uso unakuwa bapa, kama kipande cha karatasi, na kamera haitambui kwa sababu wastani wa mwanga bado ni wa chini. Dawa niliyoiona ni kupunguza mwangaza kwa hatua moja na kuhifadhi faili ghafi za RAW badala ya JPEG, ili rangi zirekebishwe baadaye bila kuharibika. Pili, umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za bei ya chini hupepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Shata ikiwa ya kasi, mistari ya giza hukatiza picha. Mistari hiyo ikitokea nashuka hadi 1/100, nayo hupungua au kutoweka, kisha nabana pumzi na kusubiri mtu atulie. Kwenye kumbi za taa za mirija nimeufanya huo kuwa mwendo wa kawaida.

Kuna mambo madogo ambayo hayagharimu kitu. Taa ndogo ya mbele ya kamera inayosaidia fokasi izimwe kwenye menyu, kwani humchoma mwimbaji machoni sawa na flashi. Kioo cha nyuma kisijiwashe kila baada ya picha. Kamera za DSLR hupiga kelele kioo chao cha ndani kinaponyanyuka, na Maalim anapopiga taksimu, yaani kupiga kwa kubuni papo hapo, peke yake, ukumbi mzima ukiwa kimya, kishindo kile husikika hadi safu ya mwisho. Hali ya utulivu inayoandikwa Q hupunguza kelele, lakini mimi kwa kawaida huteremsha kamera na kusikiliza hadi vyombo vingine viingie. Na kwa sherehe za wanawake, kadi zinabaki mikononi mwangu hadi nizikabidhi kwa mwenye shughuli. Binamu yangu aliniazima kamera na sikuwahi kumwonyesha hata picha moja ya ndani, naye hakuniuliza.

Hesabu ya fedha, kwa wanaotaka kupanga: bodi na lenzi vilichukua 950,000, betri ya pili 45,000, kadi mbili 70,000, nauli ya boti kwenda na kurudi 50,000. Nikabakiwa na 85,000. Kabla ya hapo nilikuwa nimetumia 120,000 kununua flashi yangu mwenyewe, ambayo sasa huiwasha kwa picha za familia waliojipanga tu, na jumla ya kukodi haikufika laki moja. Malipo ya kazi yalirudisha gharama hizo taratibu, kwa misimu, kwani mwezi wa Ramadhani harusi husimama na mifuko nayo husimama. Kilichonigharimu bila kutarajia ni unyevu. Nilinunua debe dogo la plastiki linalofunga vizuri, la kuhifadhia chakula, na pakiti za silika ambazo hukaushwa na kutumika tena. Wapo wanaoshauri mchele. Mchele una vumbi la wanga, na vumbi hilo halina kazi njema karibu na lenzi. Baada ya kazi ya Forodhani, ambako upepo wa bahari una chumvi na majiko ya pweza na mishikaki yanafuka mafuta, naifuta bodi yote kwa kitambaa chenye maji kidogo, kisha kikavu, kabla ya kuifungia.

Baadaye niliwahi kutumia kwa usiku kadhaa Nikon D750 ya mwenzangu, kamera ya fremu kamili ya mwaka 2014. Sensa ya namna hiyo ina eneo la zaidi ya mara mbili ya sensa yangu, na kama sufuria pana inayokinga mvua, hukusanya mwanga zaidi kwa muda uleule. Tofauti ilionekana: ISO 6400 yake ilifanana na 2500 au 3200 yangu, na fokasi ilishika hata katika kona ambazo macho yangu mwenyewe yalikuwa yakibahatisha. Nilitamani. Lakini bodi peke yake ilikuwa na bei ya kamera yangu na lenzi mara mbili, lenzi yangu ya 35 isingeifunika sensa yote, na wateja wangu walipoziona picha za kamera zote mbili waliuliza tu kwa nini nyingine zina nyuso nyingi zaidi. Niliirudisha, nikanunua milimita 50 ya D kuukuu kwa 180,000, ambayo mota ya D7000 inaiendesha bila shida.

Soko limebadilika tangu nilipoanza. Watengenezaji wakubwa wamehamia kwenye kamera zisizo na kioo cha ndani. Nikon D780 na Canon 850D za mwaka 2020 ni miongoni mwa DSLR za mwisho walizotoa. Mafundi wanaohama wanauza vifaa vyao vya zamani, kwa hiyo bodi ambazo mimi nilizitazama kwa mbali, kama D7200, D750 na Canon 6D, sasa zinafikika kwa fedha za mtu anayeanza, na zote tatu hushika fokasi gizani kuliko yangu. Udhaifu wa njia hii ni vipuri na betri halisi, ambavyo vitazidi kuadimika, na betri za bandia zilizojaa madukani hufa usiku wa kazi. Msichana mmoja wa Makunduchi aliniuliza hivi karibuni aanze na ipi. Nilimuuliza anapiga nini, wapi, na amesimama umbali gani. Akasema ngoma za usiku uwanjani, taa moja ya jenereta, na watu hawamruhusu kusogea sana. Kwa hiyo hakuhitaji milimita 35 yangu. Nilimwelekeza kwenye milimita 85 yenye f/1.8 na bodi ya D7200, akodi kwanza, na aijaribu mahali palepale uwanjani, saa ileile ya ngoma.